Kiondo Chako Hakikurudi Mnadani

Mama,

Leo ni Jumapili. Nimefungia kuku na nimefunika moto. Katika shajara nimeandika mvua iliyonyesha na viazi tulivyochimba, kama kawaida, lakini nimeshindwa kuifunga kabla sijakuambia.

Harambee ya madarasa ilifanyika, ile uliyoisubiri. Watu wameongezeka, Mama, ungeshangaa. Kutoka kwetu hadi barabara ya Timau ni vyumba vya mabati vya kupanga, vimejaa wafanyakazi wa mashamba ya maua na watoto wao. Darasa la kwanza linasomea kanisani kwa zamu. Wanaosubiri husimama nje, migongo ukutani, katika baridi hii unayoijua. Mjukuu wako Mutethia hurudi midomo imepasuka.

Unakumbuka ule mkutano wa wazazi? Wengine waliahidi kondoo, wengine magunia ya viazi. Ukasimama ukasema, "Mimi nina mkonge na paja la kusokotea. Nitasuka kiondo." Wakacheka, nawe ukacheka kuwashinda. Ulisokota hata mikono ilipoanza kutetemeka. Ulikiacha kimekamilika, kasoro mishipi tu.

Nilikipeleka Meru mjini, kwa fundi wa viatu wa Majengo. Aliniuliza mishipi iwe mirefu kiasi gani. Bila kufikiri nikampimia kutoka kwenye paji la uso hadi kiunoni mgongoni, jinsi wewe ulivyobeba. Nilikuwa nimeshatoka nacho nilipokumbuka kwamba...

Basi.

Sikutaka kiuzwe. Ndani kilikuwa bado kinanukia moshi wa jikoni kwako. Lakini wewe ndiye uliyeahidi. Nikajipa moyo kwa desturi yetu: kitu cha mnada hununuliwa, kikarudishwa mezani, kikauzwa tena, mpaka watu wachoke. Nilikuwa nimepatana na Mwenda, mwanao, kwamba wakichoka yeye akinunue mara ya mwisho, tukirudishe nyumbani.

Kilizunguka, Mama! Mzee Muriungi, ambaye ndiye aliyekuwa akinadi, alikiinua juu: "Hiki ni cha Mama Karimi! Nani hapa hakula viazi vyake? Mbona mmenyamaza?" Kila aliyekinunua alikirudisha. Kisha mama mmoja mgeni wa mashamba ya maua, Mama Nekesa, akataja alichokuwa nacho, akalipa, akakitia begani, akaanza kwenda.

"We mama, rudisha! Kinauzwa tena!"

Akageuka. "Nirudishe kwa nini? Si nimelipa?"

Watu wakaangua kicheko. Mtu akapiga kelele, "Huyu ametuweza leo!" Uso wake ukasawijika. Alikikumbatia kwa mikono yote miwili, na mwanawe Nekesa, anayekaa benchi moja na Mutethia kule kanisani, akajificha nyuma ya sketi yake. Mwenda alinitazama. Hata mzee Muriungi alinitazama, maana mwenye kiondo hayupo, na mimi ndiye niliyebaki.

Nikasema, "Mwacheni. Amenunua."

Nilienda nyuma ya jiko la shule nikalia mpaka pua ikaziba. Niliporudi walikuwa wananadi jogoo.

Kuta za madarasa zimefika kwenye madirisha. Mutethia hupita huko kila siku akitoka shule, halafu huniambia mafundi wamefanya nini, kama alivyokuwa akikuambia ya shuleni ulipomuuliza.

Jana nilikiona sokoni. Mama Nekesa hukibeba begani, kwa hiyo mishipi ilimzidi, kiondo kikawa kinamgonga magotini. Ameifunga fundo. Ndani alikuwa na sukuma wiki na viatu vya mtoto vilivyotoka kushonwa. "Habari, Mama Mutethia," akanisalimia vizuri kabisa. Nilijisogeza karibu kana kwamba natazama mboga zake. Hakinuki moshi tena, Mama. Kinanuka vitunguu.

Sitamwomba anirudishie. Nakuahidi hilo, ingawa kila nikikiona mkono wangu hutaka kunyooka. Siku watakapoezeka darasa nitakuja kaburini nikuambie Mutethia na Nekesa wamekaa upande gani.

Pumzika, Mama yangu. Mkonge uliobaki bado umetundikwa ukutani, pale pale ulipouacha. Sijui kuusokota. Nitajaribu.

Karimi wako