Gari la Baba na Nyumba ya Frida

Ifakara,
Jumapili

Kwa Mama yangu mpenzi, Bi Mwanaheri,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba magoti yamepata nafuu tangu Ilham alipoanza kukukanda kwa mafuta ya moto. Huku kwetu afya zipo. Mvua zimeanza vizuri, mashamba ya upande wa Lupiro yote ni kijani, na duka linakwenda kwa mwendo wake wa siku zote. Mke wangu Stumai na watoto wanakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ya Ilham mnaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, nami nisingeweza kuyasema haya huku nikisikia watu wakiitikia nyuma yako. Bahasha nimemkabidhi mtu wa basi, na dada Ilham nimemwomba akupe bila kuifungua. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Mama, siku nilipokupigia kukuambia kwamba nimelitoa gari la baba, ulilia, kisha ukaniombea dua ndefu mpaka na mimi nikalia. Dua hizo zinanielemea. Kila nikikumbuka ulivyosema kwamba marehemu baba angejivunia, natamani ardhi ipasuke. Ndiyo maana naona haki yako ujue gari lilivyoondoka, na lilikwenda kufanya nini.

Alikuja dukani mwalimu mstaafu anayeitwa Kassian, mtu wa Mahenge aliyehamia hapa karibuni. Yeye ni katibu wa kikundi cha Paa la Jirani, kinachowajengea watu waliobomolewa nyumba na mafuriko ya mwaka juzi. Wanajenga nyumba ndogo za tofali za kuchoma, vyumba viwili na bati, na aliyepewa hurudisha kidogo kila anapovuna ili mwingine naye ajengewe. Alinieleza kwamba kuna mtu wa Arusha anayefufua Landrova za zamani kwa ajili ya watalii, amepita hapa mjini akaliona gari letu, na yuko tayari kulinunua kwa bei itakayosimamisha nyumba kadhaa. Mwalimu Kassian aliniomba, kwa adabu sana, kama ningekubali kulitoa kwa kikundi.

Nilimkatalia. Nilimwambia lile kwetu si gari, ni mzee wa nyumba. Nilimsimulia jinsi baba alivyokupokea nalo stesheni ya TAZARA ulipokuja bibi harusi, ukiwa umekaa mbele na mkeka wako magotini. Nilimsimulia lilivyovuka kwa pantoni kwenda Lupiro kabla daraja halijajengwa, likirudi na mpunga, na wagonjwa juu ya mpunga. Na nilimsimulia marehemu mdogo wangu Abdul, aliyekuwa akilifungua boneti hata kama halina ugonjwa, ili tu asikilize injini. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nimsindikize kidogo upande wa chini wa Kibaoni.

Huko, Mama, niliona kuta zilizoyeyuka kama sabuni, na watu wazima wanaolala chini ya maturubai mpaka leo. Nilirudi nyumbani nikaingia ndani ya gari. Nilipiga honi mara moja, nikakaa humo mpaka jasho likanitoka, nikaamua. Sitaficha kwamba niliwaza pia watu watakavyonisema vizuri. Lakini huruma nayo ilikuwepo, naomba uliamini hilo.

Siku ya kuliondoa, watu wa sokoni walijaa barabarani. Mzee Viktor, ambaye baba alimpeleka nalo hospitali akiwa mahututi, aliweka kiganja juu ya boneti. Mimi nililia mbele za watu wala sikujali. Tangu hapo nikawa mtu mkubwa. Nikipita wananiita mfadhili. Ijumaa iliyofuata nilitajwa msikitini, na nasikia hata kanisani nilitajwa. Mama, nilizipenda hizo sifa. Nilizila kama mtu aliyekuwa na njaa.

Nyumba ya kwanza ilipokamilika nilialikwa kuikabidhi. Mwalimu Kassian alishaniambia kwamba imepewa mama mmoja anaitwa Frida, kibarua wa mashamba ya mpunga, ana mtoto wa kike, na hana mtu. Katika kikundi chao sharti la kwanza ni hilo, kwamba apewe asiye na ndugu wa kumsitiri. Niliketishwa kiti cha mbele, karibu na mgeni rasmi. Baada ya hotuba wakamwita huyo Frida aje amshukuru mtoa gari.

Aliyekuja alikuwa Anifa. Anifa mke wa Abdul, mkweo. Frida ni jina alilozaliwa nalo kwao Masagati, kabla hajasilimu kuolewa na mdogo wangu. Amekonda, mikono imekuwa migumu, lakini ni yeye, ingawa pale hapakuwa na wa kumtambua ila mimi. Nilisimama nikijua kwamba sasa atasema, na watu wote watajua. Hakusema. Alipiga goti kidogo, akanitazama kifuani, si usoni, akasema, "Shikamoo mzee. Mungu akulipe."

Nami nikaitikia, "Marahaba, mama."

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na nafasi ya kusema huyu ni mke wa ndugu yangu. Ilikuwepo, ndefu kabisa, na niliiacha ipite. Zaidi ya hapo, pembeni yake alikuwepo mtoto, paji la uso ni lako tupu. Kwa vile watu walikuwa wananitazama, nilimshika mkono nikamuuliza jina lake, kama mtu anavyomuuliza mtoto wa barabarani. Akajibu bila woga kwamba anaitwa Mwanaheri Abdul. Mwalimu Kassian akasema ni jina zuri. Nikasema kweli, ni zuri.

Miaka yote hii umekuwa ukiniuliza habari za mjukuu wako, nami nakujibu kwamba wako Masagati, wazima, ila mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Sikuwa najua kama ni wazima. Sikuuliza. Uliporudi Pangani baada ya matanga, uliondoka ukiamini kwamba Anifa atabaki na sisi. Alipomaliza eda nilimwambia kwamba chumba chao cha uani nakihitaji kwa ajili ya magunia, aende kwao apumzike, nitamwita. Nikampa nauli. Wewe nilikuambia kwamba ametaka mwenyewe. Sikumwita. Magunia yalikaa msimu mmoja, yakaisha. Halafu nikabomoa ukuta wa mbele wa chumba kile nikaliingiza gari humo lisinyeshewe, na nikajiambia kwamba nafanya hivyo kwa kumbukumbu ya Abdul.

Siku ya pili baada ya sherehe nilikwenda kwake peke yangu. Nilimkuta anaanika mpunga mbele ya nyumba. Alinitolea kigoda, akanipa maji, akaniita shemeji kama zamani. Nilianza kuomba radhi. Yeye alisema taratibu, bila kukasirika, na kutokukasirika kwake ndiko kulikonimaliza. Kwao Masagati kaka zake wamejazana katika nyumba ndogo, hakukaa hata mwaka. Akarudi huku kutafuta vibarua, akapanga chumba chini ya Kibaoni, maji yakakichukua. Nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu siku ile.

"Nilikuja, shemeji," alisema. "Nilifika mpaka uani, mtoto nikiwa nimembeba. Nikaona gari limelala chumbani kwetu. Nikageuka."

Akaendelea kugeuza mpunga, kisha akasema, "Waliponiuliza kama nina ndugu mjini hapa, nikawaambia sina. Sikuona kama nasema uongo."

Nilimwambia nitakwenda kwa Mwalimu Kassian nimweleze kila kitu, na msikitini pia, ili watu waache kunisifu. Hapo ndipo aliponikazia macho. Alinikataza. Alisema nikifanya hivyo watu watasema nyumba imetolewa kwa undugu, na kamati itamwondoa, maana kumbe alikuwa na mtu. Alisema nisije nikatua mzigo wangu kwa kumbomolea yeye paa. Niendelee kuwa mfadhili, naye aendelee kuwa Frida. Nilimwomba basi niwachukue, yeye na mtoto, waje wakae kwangu. Akatabasamu kidogo, akasema anayo nyumba.

Kwa hiyo, Mama, nimezibwa mdomo, na aliyeniziba ana haki. Juzi Ijumaa niliombewa tena baada ya swala, wazee wote wameinua mikono. Niliinua na mimi. Nilisema amina pamoja na wengine.

Jambo moja tu ndilo aliloniruhusu. Aliniuliza kama wewe bado u hai, maana alikuwa akidhani ulijua na ukanyamaza. Nilipomweleza kwamba hukujua, kwamba nilikudanganya, aliweka chini ule mti wa kugeuzia mpunga, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema, "Basi mwambie yeye." Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Jioni huwa wamesharudi, yeye kutoka shamba na mtoto kutoka shule. Mpigie, Mama. Msikilize mjukuu wako, anasoma vizuri na anaimba. Ukimpigia usimtajie habari zangu, isipokuwa yeye akianza.

Sikuombi radhi kwa barua. Nitakuja Pangani mavuno yakipita, nikae mbele yako, unitazame. Dua ulizoniombea siku ile, kama zinaweza kuhamishwa, naomba uzihamishie kwake.

Nisalimie dada Ilham na shemeji na watoto wote, na majirani wanaonikumbuka. Mafuta ya magoti yakiisha nijulishe, nitatuma mengine. Nakushika miguu, Mama.

Mwanao,
Ahmad Makame