Karatasi Niliyowawekea Wageni Sahihi

Ruiri,
14 Agosti.

Kwako dada yangu Ciakuthii,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi kaka yako Kaberia na watu wote wa boma hili. Natumaini wewe na shemeji Muturi mko salama huko Mitunguu, na kwamba upepo ule haukuangusha ndizi zenu. Goti lako je, bado linakusumbua ukiteremka kwa mfereji? Mimi niko mzima. Meno ninayo karibu yote, na wa rika langu wanaoweza kusema hivyo ni wachache.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishiwa kalamu kwa ngumbaru, na unajua darasa lile mimi ndiye nilikuwa mbele. Haya singeweza kuyasema kwa simu.

Unajua kitinda mimba wangu Karambu ana lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, kama ile yangu ya santuri ya mwaka wa sabini na tatu. Yangu ilikuwa kubwa. Kutoka Maua mpaka Embu hapakuwa na harusi bila santuri ya Kaberia. Yake ni ya muziki wa metali, gitaa za kunguruma na mwimbaji anayelia kama aliyekanyagwa na fahali. Ana vikundi vinne tu, na studio yake ni ghala langu la viazi, ukutani amebandika trei za mayai. Kwa sababu ghala ni langu, aliniandikisha mkurugenzi pamoja naye.

Nilimwambia biashara hukua ikisikika kila mahali. Siku ya soko nikachukua nyimbo zake nikazipiga kwa kipaza sauti juu ya pikapu. Mbuzi wa jirani yetu Mbaabu walikata kamba, na mchungaji wa kanisa akaja kuuliza ni nani anachinjwa. Karambu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kwamba wale wa soko si wateja wake. Wateja wake ni wachache na wametawanyika, mmoja Botswana, mwingine Finland, lakini akinunua kaseti leo kesho atanunua fulana, na kaseti ijayo ataingoja, kwa sababu Karambu humwandikia barua kwa mkono wake, na kwa sababu anajua wimbo unabaki mali ya aliyeutunga. Ndivyo tutakavyokua Baba, akasema, polepole, na wimbo wenyewe hatuuzi. Nikamwambia hiyo ni kuuza chumvi kwa kijiko.

Lakini ilikua. Mwezi wa tatu kampuni ya Ujerumani iliandika kwamba inataka kutoa nyimbo za Njura kwa santuri na kuziuza kule kwao. Njura ni kijana wa Embu, ndiye mtunzi na mwimbaji wa kikundi kinachopendwa zaidi. Miaka mitatu amekula kwetu, na mimi ananiita Guka, yaani babu. Karambu alibandika ile barua ukutani. Alikuwa akipita anaigusa.

Mwezi wa sita ikaja barua nyingine. Wajerumani walikuwa wamechunguza wakakuta nyimbo zote za Njura zimeandikishwa kwa kampuni moja ya Nairobi. Basi wakajitoa. Karambu alimwita Njura akamuuliza. Akakana. Akaapa kwa mama yake. Karambu akamwambia, "Kwa hivyo zilitembea zenyewe mpaka Nairobi?" Akamwambia achukue gitaa lake aende. Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye kiti nikinywa uji. Nilimaliza uji.

Kabla hajaondoka, Njura alinifuata zizini. Akasema, "Guka, neno lako hapa halirudishwi. Niongelee kwake." Nikamwambia nitamwongelea. Sasa ni miezi miwili.

Ciakuthii, ni mimi.

Mwezi wa kwanza Karambu akiwa safari walikuja wanaume wawili wa Nairobi, wamevaa vizuri. Waliniletea kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba, kile cha heshima, kinachopelekwa nyumbani kwa mtu mkienda kumwomba msichana. Tangu tumwoze binti yangu Kawira hakuna aliyeniletea kitu kama hicho. Waliniita Mkurugenzi. Wakasema wanataka nyimbo zetu zisikike kwenye simu za Afrika nzima. Nilipokea nikatafuna, na unajua desturi, ukishatafuna huwezi tena kumhoji mgeni kama mwizi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa sita. Zamani za santuri wewe ndiye ulikuwa unasoma, na mimi nakohoa na kutikisa kichwa. Basi nikakohoa, nikatikisa kichwa, nikaweka sahihi. Hata niliwashauri namna ya kukuza kampuni yao.

Nimeenda studio mara mbili kumwambia Karambu. Mara ya kwanza aliniachia kiti chake akaniuliza kama enzi zangu kuna mwimbaji aliyewahi kuniuza hivyo. Nikajibu walikuwa wengi na niliwakamata wote. Mara ya pili nilimkuta anabandua zile trei za mayai. Anatafuta kazi ya ukarani mjini Meru. Nikamwambia trei asizitupe, zitafaa kuku. Na Njura nasikia anachimba mchanga huko kwao, gitaa hagusi.

Nimekuwekea karatasi yenyewe humu ndani. Nilikuwa nimeificha chini ya godoro. Njoo Jumamosi. Usiniamkie kwanza, pita moja kwa moja kwa Karambu umpe, na umwambie Njura hakufanya neno. Mimi nitakuwepo. Lakini akinigeukia aniulize kama ni kweli, sijiamini kwamba nitakubali, ndiyo sababu nimeitoa mkononi mwangu mapema.

Msalimie shemeji Muturi, na watoto wakipiga simu waambie mjomba wao anawakumbuka kwa majina yote. Mungu awaweke mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako,
Kaberia.