Honi ya Volvo ya Baba

Gunnar mume wangu,

Supu ya njegere iko jikoni, ipashe moto. Paka ameshakula, asikudanganye. ~~Funga gereji.~~ Hapana, usiisogelee kabisa.

Asubuhi nilikuwa napiga msasa Volvo ya marehemu baba. Honi ikalia mara mbili, kama alipokuwa akija kunichukua shuleni. Na betri tuliitoa, iko juu ya meza! Nikachungulia: kiti cha dereva kimesogezwa nyuma, kwa miguu yake mirefu.

Utanicheka, najua. Nikasema, "Baba, gari bado halijawa tayari."

Mlango wa abiria ukafunguka taratibu.

Nimepanda basi kwenda kwa dada Solveig, nitalala huko. Nilichoogopa hasa, Gunnar, ni vile nilivyotamani kuingia.

Mkeo,
Ragnhild