Njia ya Wanawake wa Mihogo

Kijijini, nje ya Kisangani

Papa mpendwa,

Kabla sijakuuliza hali ya kifua chako na baridi ya milimani, nikuambie sauti moja isiyonitoka kichwani. Ni mti unaopigwa. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Huku wanawake wanaokwenda mashambani hupiga kwa fimbo ile mizizi mipana inayosimama kama ukuta chini ya miti mikubwa, na mlio wake hufika mbali. Mara moja ni salamu. Mara tatu ni kuomba msaada. Nilifundishwa hivyo mwezi wangu wa kwanza porini.

Natumaini umepona, na mgongo wa mama umetulia. Mimi mwilini sina ugonjwa.

Najua unawaambia majirani kwamba binti yako anaongoza wageni kama ulivyowaongoza wewe. Basi sikia ninavyoongoza. Njia yetu ni ya siku tatu: matope ya magotini, vilima vinavyoteleza, vijito vya kuvuka juu ya gogo. Patron, mwajiri wangu, anaitangaza kwa watu waliozoea safari ngumu, eti pori lisilokanyagwa. Maneno hayo niliyaandika mimi, na shule yote uliyonisomesha. Kumbe ni njia ambayo wanawake wa kijiji huendea mihogo yao.

Safari ya kwanza wageni wanne, watu wenye fimbo za chuma na hadithi za vilele walivyopanda, walikaa chini kwenye kilima cha pili. Wanawake wakatupita na vitunga mgongoni, miguu mitupu. Mama Anjelina, mkubwa wao, akaniuliza, "Dada Faida, bazungu yako bamechoka? Tubatie mu kitunga, juu ya mihogo?" Wakacheka mpaka bondeni.

Wageni hawakucheka. Patron akaniita ofisini kwake mjini, Makiso. "Bon. Batu banakuja kuona pori, habakuji kuona bamama. Siku ya wageni, bamama bazunguke kwa kinamasi."

Nilitumwa mimi kuwaambia. Mama Anjelina alinisikiliza akimenya muhogo. "Hii njia mama yangu alifungua," akasema. "Leo tunajificha kama nyama ya pori?" Lakini alitii, kwa sababu niliomba mimi.

Safari iliyofuata ndipo nilipoisikia ile sauti ya mti, mara tatu. Ilitoka upande wa kinamasi. Mgeni mmoja akainua simu yake kurekodi, akauliza kama ni ngoma. Nikamjibu, "Wanakijiji wanasalimiana." Ulinifundisha kwamba kiongozi haachi msafara wake. Nikashika kanuni yako, Papa, nikatembea. Ilitufuata hadi nyuma ya kilima.

Mama Anjelina, akiwa peke yake kinamasini, aliteleza kwenye gogo, mguu ukavunjika. Dada yake alimpata kesho yake asubuhi. Daktari anasema amechelewa kuletwa. Hatatembea kama zamani. Nilipomtembelea hospitali aliniuliza jambo moja tu.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

Akageukia ukuta. Patron aliposikia habari alisema, "Ajali iko ajali. Wageni bengine banafika Jumatatu."

Sikulaumu kwa kanuni yako. Kinachonifanya nikuchukie kidogo, nisamehe, ni kwamba hukuniambia kamwe ni mara ngapi ilikugharimu wewe.

Mpe mama shikamoo yangu. Dada Riziki asinikasirikie kwa kutopiga simu. Tonton, ndugu yako aliyeniombea kazi hii kwa patron, msalimie pia, ila asije kunishawishi, kwa maana nimekwisha kutenda.

Wiki tatu sasa tangu niweke buti na filimbi juu ya meza ya patron. Nimehamia kijijini, kwenye nyumba ya Mama Anjelina. Bado hasemi nami, lakini anakula ninachopika. Nabeba mihogo yake kila siku, na sizunguki kwenye kinamasi. Jumanne nilikutana na wageni sita kilimani. Kiongozi wao mpya aliniomba nisimame pembeni wapite. Sikusimama. Wao ndio walioingia kwenye matope.

Binti yako,
Faida