Habari Tuliyokuwekea, Mwalimu Wanyama

Mwaka umetimia, Baba, tangu homa ile ya ghafla ilipokuondoa kwetu, Agosti 1967. Mama bado hujisahau akaita jina lako chai inapoiva.

Ulitoka Bungoma kuja kufundisha Lamu kwa muda tu, ukakaa mpaka ukapenda mkate wa mofa kuliko ugali, jambo ambalo Bibi hakukusamehe. Bahari ndiyo hukuizoea. Kila ukienda Faza ulishika ubao wa mashua kwa mikono miwili, ukiimba nyimbo za kanisani, na mabaharia wakikutania njia nzima.

Hata mezani ulikuwa mwalimu. Wafula akisema ameshiba, ulimuuliza, "Ushahidi?"

Lakini moyo wako ulikuwa kwenye semina yako ya uandishi. Likizo ndefu ilipofika, vijana wetu wa Chuo Kikuu walirudi visiwani, nawe uliwakusanya katika darasa la kuazima ukawafundisha kuandika insha za huko: kutoa hoja, kuithibitisha, kuitetea. Ulitoka humo umejaa vumbi la chaki, una furaha ya mtu aliyetoka harusini.

Swafiya wa Pate ndiye aliyekukosesha raha. Insha yake kubwa ilirudishwa: aiandike upya ikubalike, ama masomo yake yaishie hapo. Alikuwa amewapanga wataalamu wote, kila mmoja na sifa zake, lakini yeye mwenyewe hakusema neno.

"Mimi n'nani, Mwalimu, hata nimwambie mtu mzima kuwa hayui?"

Hukumcheka. Ulimuuliza, "Kwenu Pate, mdogo akitaka kumpinga mkubwa, hufanyaje?"

"Humtaka radhi kwanda."

"Basi mtake radhi. Iandike juu ya kila aya, kisha useme lako. Ukimaliza, futa radhi, uache hoja."

Darasa zima likaingia kazini: "Niwie radhi, Bwana Profesa!" Majirani wakachungulia dirishani kuona profesa gani amekuja. Aya kwa aya, Swafiya akapata sauti. Akasafiri kuipeleka insha, na tangu hapo kila chombo cha Mombasa kilipofika ulikuwa gatini, ukisingizia kununua gazeti. Ulituchosha kwa magazeti hayo, Baba, nasi tulikupenda mno kwa sababu hiyo.

Hukuwahi kumwona akirudi. Tulikuwa bado matangani alipofika mlangoni anahema, hajaambiwa lolote na mtu.

"Mwalimu yu wapi?"

Mama alimshika mikono, akamwambia. Swafiya akaketi palepale kizingitini akalia kwa uchungu.

"Ulikuja kumwambia nini, mwanangu?" Mama akamuuliza. "Niambie mimi. Nitamfikishia."

Mama hakuweza. Kila akienda kaburini hushindwa na machozi, hurudi na habari yake. Ndiyo sababu tumeamua kukuandikia hapa gazetini, mbele ya watu wote.

Tunaokukumbuka ni mkeo Keziah, wanao Nerea na Wafula, mama yako Bi Jerioth aliyeko Bungoma, ndugu zako wote, na vijana wa semina kutoka Lamu, Pate na Kiwayu. Daima utakuwa mioyoni mwetu.

Swafiya alifaulu, Baba.