Mkono wa Kushoto wa Dan-bi

Suwon, 1 Machi

Kwa Dada yangu Myeong-sil,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi isiyotaka kuaga. Hujambo? Mama hajambo? Goti lake linasemaje? Na mwanao Du-ho, kile kifua kimepona? Sisi huku wazima, hatuna la kulalamikia.

Naandika kwa kalamu kama Mama alivyotuamuru. Anasema kwenye simu sisi wawili tunakatiana, na barua haikatiki. Haya, nami ni mtoto mtiifu.

Dan-bi anatimiza mwaka! Dol yake, sherehe ya mwaka wa kwanza, tutaifanya Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, ukumbi tumeshapata. Dada, mtoto huyu ni moto. Tumeanza kumfanyisha mazoezi ya kuchagua kile kitu cha kumtabiria maisha. Namwekea mezani uzi, kalamu, noti, nyundo ya hakimu na kile kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo, naye haangalii kingine, anakirukia kipimo na kukinyakua kama mwewe. Tena kwa mkono wa kulia! Mama mkwe hana raha nyingine. Kwao kulikuwa na shangazi mwenye mashoto, alichapwa vijiko utoto wake wote. Anasema mtoto mdogo hivi aliyeujua mkono wa adabu bila kufundishwa, yeye hajapata kumwona. Siku yenyewe tutampangia vitu vyote upande wa kulia ili asihangaike mbele ya wageni.

Najua dol ya Du-ho haikuwa rahisi kwenu. Usije ukakaa nyumbani kwa sababu hiyo. Vaa ile hanbok yako ya kijani, njoo ule ushibe.

Mdogo wako,
Na-rae, Mama Dan-bi


Naju, 31 Machi

Kwa mdogo wangu Na-rae,

Hamjambo huko? Sisi tulifika salama, Du-ho alilala safari nzima. Mama anasema keki za mchele zilikuwa tamu ila supu ilipungua chumvi. Unamjua, asingesema hivyo angeumwa.

Nianze na langu, usije ukasema nakuficha. Nimeona wivu, Na-rae. Dan-bi alipokinyakua kile kipimo, ukumbi mzima ukapiga makofi, Chang-u wako akamnyanyua juu kama kombe, mimi nilikuwa nimempakata Du-ho, miaka miwili na nusu na kukaa mwenyewe hajaweza. Mama mmoja wa upande wa mumeo akaniuliza, "Na huyu alichagua nini siku yake?" Mama yetu akadakia, "Uzi! Ataishi miaka mingi." Hakusema kwamba ni yeye aliyeuchukua huo uzi na kumkunjia mjukuu vidole juu yake. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Sasa la pili, na hili si la wivu. Babu yake alipompa Dan-bi lile peasi kubwa, la kupokelewa kwa mikono miwili, alilishika kwa wa kulia tu, likamponyoka. Wa kushoto ulikuwa umekunja ngumi, kidole gumba ndani, umetulia tuli. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kule Gwangju ninakompeleka Du-ho mazoezi ya viungo, Bi. Pyo anayemfanyisha alitueleza sisi wazazi kwamba mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili, hana haja ya kuchagua. Utafiti wa miaka hii umeonyesha kuwa akichagua mmoja kabla ya mwaka, huenda si ustadi. Huenda ule mwingine haupokei amri ya ubongo. Ikigundulika mapema, ubongo wa mtoto bado unafundishika sana. Kadiri mnavyokawia, ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu.

Mpeleke hospitali kubwa. Wiki hii, si mwakani.

Dada yako,
Mama Du-ho


Suwon, 6 Aprili

Dada,

Sikuulizi hali, hali yako nimeiona kwenye barua. Mama msalimie.

Kwa hiyo mwanangu ameshangiliwa siku moja tu, wewe ukakosa usingizi? Nilipopata kazi ulisema bosi kanihurumia. Nilipoolewa ulisema masikio ya Chang-u ni ya mtu bahili. Niliposhika mimba mwezi wa pili wa ndoa, wewe uliyehangaika miaka mingi, ulileta supu ya mwani ukaiacha mlangoni kama mtu wa kupeleka vifurushi, hukuingia hata kuniona. Yote hayo nilinyamaza, nikasema ni dada. Lakini safari hii umemgusa mwanangu. Unataka awe kama wako ili tulingane!

Daktari wa hapa mtaani alimwona siku ya chanjo, akasema mtoto ana afya. Mama mkwe ameisoma barua yako. Kasema neno moja tu: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Usiniandikie tena.

Na-rae


Naju, 12 Mei

Kwa mdogo wangu,

Hujambo? Dan-bi hajambo? Umenikataza kuandika, naandika. Ukitaka ichome, ila isome kwanza. Mama goti linamsumbua, na tangu Aprili ananijibu kwa kuguna. Anasema nimeitia nuksi shughuli ya mtoto.

Umesema nataka awe kama wangu. Neno hilo nimekaa nalo hapa dukani nikikata figili za kimchi, achari ya wateja, mpaka nimejikata kidole. Ni kweli, Na-rae. Nilipouona mkono ule umekunja ngumi, kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Ilikuwa kama raha. Nilisema moyoni, kumbe hata yeye! Haikukaa, lakini ilikuwepo, na sitakudanganya. Nichukie kwa hilo, ni haki yako. Nakuonea wivu tangu ulipozaliwa na nywele nyingi, Mama akanisahau nje kwenye mvua. Ila si wivu wangu uliomkunja mtoto mkono. Nilipofika ulikuwa umeshakunjwa.

Basi usinisikilize mimi. Mvalishe soksi mkono wa kulia, uifunge kwa utepe asiivue. Mwekee stroberi mbele yake. Usimsaidie, usiseme neno, mtazame tu. Akiichukua kwa mkono wa kushoto, nitakuja Suwon nipige magoti mbele ya mama mkwe wako na majirani wote wakitazama.

Dada yako, upende usipende


Suwon, 20 Agosti

Dada Myeong-sil,

Hujambo? Mama na Du-ho hawajambo? Joto la huku halisemeki, hata ukuta unatoka jasho. Nisamehe kwa kimya kirefu.

Barua yako niliitupa kwenye takataka, kisha nikaitoa. Nikaitupa tena, Chang-u akaitoa. Mpaka nikapata ujasiri stroberi zilikuwa zimekwisha sokoni, nikatumia kipande cha tikiti. Nilimvalisha soksi kama ulivyosema. Dan-bi akalitazama tikiti, akaitazama soksi. Akainama akalila kwa mdomo kama mwanambuzi. Chang-u akaangua kicheko, halafu akaniona uso, akaacha.

Tulimpeleka hospitali kubwa, wakampiga picha ya kichwa. Alipata kiharusi kidogo akiwa bado tumboni mwangu, upande wa kulia wa ubongo, ule unaouamuru mkono wa kushoto, nami siku hizo natembea naimba. Wanaita mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Daktari akaniuliza nani aligundua. Nikasema dada yangu.

Anasema tumewahi. Sasa kila siku tunauvalisha ule mkono mzuri glavu ya kufumba vidole vyote, kisha tunacheza naye ili ule wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Tunacheza! Mtoto analia mpaka anatapika. Ananitazama kama mwizi wake. Jana nilimvua kabla ya muda, juzi pia, na leo sijamvalisha kabisa. Mama mkwe anasema hayo ni mateso, tumwache na mkono mmoja, wengi wanaishi. Na kule kliniki yuko mwanamke mmoja ambaye wa kwake ameanza kushika mpira. Namchukia, Dada. Hajanifanya lolote, ananipa hata chai, namchukia. Akifurahi natamani mpira uanguke.

Wewe ulikuwa hivi miaka yote hii? Uliwezaje kuja kwenye dol yetu ukakaa mpaka mwisho?

Mdogo wako


Naju, 27 Agosti

Kwa mdogo wangu Na-rae,

Pole sana. Pole na Chang-u, mpe pole yake kando, wanaume husahauliwa. Sisi hatujambo. Mama aliposoma barua yako alikwenda uani akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Sasa ananijibu kwa maneno.

Unauliza niliwezaje. Nani kakwambia niliweza? Pale ukumbini nilikwenda chooni nikafungulia maji ya bomba nikalia, nikarudi nikala keki.

Na bado. Umeandika daktari amesema mmewahi. Nimelisoma neno hilo nikaona wivu mpaka meno yakaniuma. Sisi hatukuwahi. Nilipomwambia kila mtu kwamba Du-ho hakazi shingo, walinijibu watoto wa kiume huchelewa, usiwe na haraka, nami nikangoja kwa adabu. Laiti ningekuwa wakati ule na dada mwenye wivu, wa kumkodolea macho mwanangu akimtafutia kasoro.

Kwa hiyo usinitie wazimu. Mvalishe! Akilia, alie. Ukishindwa toka nje, mpishe Chang-u. Ukimwachia mkono mzuri sasa kwa sababu ya huruma, akiwa na miaka kumi atakuuliza. Huyo mwanamke wa kliniki mchukie tu, ila chai yake kunywa.

Sikukuu ya mavuno tunakuja, mimi na Du-ho. Mwambie mama mkwe wako ajiandae kuniona.

Dada yako


Suwon, 10 Oktoba

Kwa Dada Myeong-sil,

Hujambo? Mlifika salama? Du-ho hakupata mafua kwenye treni? Mama mkwe anakusalimu. Ndiyo, huyo huyo. Anasema una mdomo mchafu lakini unapika supu ya figili kama mtu wa zamani.

Dada, kuna jambo nimekuficha. Siku ile ya sikukuu mlipokuwa jikoni mnagombana na mama mkwe juu ya vitunguu, nilimvalisha Dan-bi glavu, akaanza kilio chake. Nikachoka. Nikamwacha kwenye mkeka, nikamchukua Du-ho nikampakata. Wala sikuwa na hila yoyote, nilitaka tu mtoto asiyenililia. Nikamlisha keki ya mchele, nikamwimbia, akacheka kile kicheko chake cha puani. Dan-bi akanyamaza ghafla. Akatuangalia. Macho yake, Dada, yalikuwa yako kabisa! Akaja kwa makalio mpaka pale, akainua ule mkono wa kushoto, ukatetemeka, vidole vikafunguka kimoja kimoja, akanishika pindo la sketi, akavuta. Akavuta kwa hasira, ananing'oa kwa Du-ho.

Mtaalamu wa mazoezi wa hapa nilipomsimulia alipiga meza kwa furaha. Tangu siku hiyo amekwishashika kijiko, na nywele zangu.

Sikukuita. Nilisikia sauti yako jikoni, nikafunga mdomo. Mtoto wako alikuwa mapajani kwangu, ameegemea kwa kuwa hawezi kukaa, ndiye aliyemfungua wangu mkono, na kwake mwenyewe hakuna kilichobadilika. Ningekuitaje? Niliogopa uso wako. Nimelibeba hili wiki nzima, nimeshindwa.

Mdogo wako


Naju, 15 Oktoba

Kwa mdogo wangu Na-rae, Mama Dan-bi,

Hamjambo? Sisi wazima. Mama nimemsomea, amecheka mpaka kalishika goti.

Ungeniita, mjinga wewe. Ningelia, ningekuonea wivu, ningeondoka na treni ya jioni bila kuaga, kesho yake ningekupigia simu. Hujanizoea tu?

Nimeona wivu, ndiyo. Nimesoma hapo penye vidole kufunguka kimoja kimoja, nikaikunja barua nikaiweka chini ya ubao wa kukatia, nikamaliza ndoo nzima ya figili ndipo nikaifungua tena. Kisha nikamtazama Du-ho kwenye kiti chake. Nikajiuliza, huyu mtoto tangu azaliwe, ni nani amewahi kumpa sababu ya kuona wivu? Ni yeye tu ninayembeba. Sijawahi kumpakata mwingine mbele yake hata siku moja.

Jumapili tunakuja. Wewe mkumbatie Du-ho mbele ya binti yako, mlishe, mwimbie, hata akasirike vipi. Halafu umlaze Du-ho kwenye mkeka, unipe Dan-bi. Nitambeba mimi, nitambusu, nitamwita mwanangu kwa sauti kubwa. Tumtazame Du-ho.

Dada yako,
Mama Du-ho