Mambo Saba ya Uani

Jumamosi, 6 Januari

Kaka amekuja leo na majarida. Manne! Ya nyumba na bustani, karatasi ya kung'aa, bado yananukia wino. Miaka yote amekuwa akinicheka kwa kuokota yale ya zamani karakana. Wateja huyasahau ndani ya makochi wanayoleta kushonwa upya, nami nakata picha na kuzibandika kwenye daftari. Aliwahi kuniita mwehu wa magazeti mbele ya mke wake. Leo anasema, mdogo wangu, ua huu una uzuri wake, utengeneze uwe kama kwenye picha zako. Vifaa ataleta yeye.

Nimekaa kizingitini nikafungua. Viti vya kamba chini ya pagola, kile kivuli cha nguzo na mbao kisicho na kuta. Taa za sola kwenye changarawe. Mwanamke mmoja kavaa nyeupe tupu, anakunywa kitu, hana hata jani moja kwenye gauni. Nani anamfagilia?

Wifi naye kanishika bega, kasema nina jicho. Wifi! Ambaye akija hapa haoni kitu ila vumbi kwenye viatu vyake.

Nina furaha. Naiandika ili baadaye nisije nikasema sikuwahi kuwa nayo.

Jumatatu, 8 Januari

Jarida moja lina karatasi iliyotoka. Ukurasa wa 31 na wa 32 hazipo. Imechanwa kwa mkono — mabaki yake yameganda kwenye mshono. Nimempigia Kaka. Anasema wifi alifungia kitu, hakumbuki nini. Basi. Sisi karakana tunafutia gundi majarida mazima, sembuse karatasi moja.

Kilichobaki kinanitosha. Ukurasa wa 33 unaanza na namba moja, wa 35 unaishia namba saba. Mambo saba ya kufanya uani. Changarawe badala ya udongo. Kivuli. Mahali pa kukaa watu wanne. Taa. La tano sijalielewa vizuri, nitalirudia. La sita, ukuta upakwe rangi moja, nyeupe. La saba, panda kitu chenye harufu nzuri karibu na lango, kwa sababu mtu huamua moyoni katika hatua kumi za mwanzo.

Nimeipenda hiyo ya hatua kumi. Nimezihesabu kutoka langoni — ya kumi inafika pale pale nitakapoweka benchi.

Pembeni Kaka ameweka alama kwa kalamu nyekundu, saba zote. Ina maana ameisoma yote. Kaka yangu, asiyesoma hata maelezo ya dawa!

Jumapili, 21 Januari

Pagola imesimama! Amejenga fundi mbao wa jirani. Sisi tunamwita Randa, maana hata akija kusalimia tu anakuwa na randa mkononi. Mbao kaleta Kaka kwa gari, na misumari, na rangi.

Mimi nimeshona mito minane. Bosi kanipa mabaki ya turubai la kijani, nami nimezungushia kamba nyeupe kwenye mishono. Sponji ya inchi tatu, ngumu, isiyobonyea upesi. Nilipoweka mto wa mwisho nimerudi nyuma hadi ukutani, nikatazama. Kama jarida. Kweli kabisa, kama jarida.

Randa kaniuliza, kaka yako tangu lini? Hajawahi kununua hata msumari wa nyumba hii, paa lilipovuja ulipanda mwenyewe. Leo kaota nini?

Nimemjibu kwamba watu hubadilika. Kisha nikamwambia ana wivu. Akaokota vumbi la mbao kwa mikono, lote, hadi chembe ya mwisho. Hakunywa chai.

Jumamosi, 3 Februari

Namba tano. "Ondoa kila kitu kinachoonyesha kwamba hapa wameishi watu wengine." Ndivyo ilivyoandikwa. Nilidhani ni ndoo na mikebe.

Kaka kasema ni jiwe la kufulia.

Si jiwe hasa, ni bamba la saruji lenye mteremko katikati ya ua, ila Mama aliliita jiwe, basi likawa jiwe. Baba alilimwaga kabla sijazaliwa. Saruji ikiwa mbichi Mama aliteleza, akajishikiza kwa mkono wa kulia, kiganja kizima kikabaki. Baba alitaka kupasawazisha. Mama akakataa, akasema angalau apate pa kuweka sabuni. Na kweli tuliweka sabuni humo, sote, miaka yote. Sabuni inakaa ndani ya kiganja cha Mama, haidondoki. Hata alipokuwa kitandani nikimuuguza, nikifua mashuka yake kila siku, sabuni ilikuwa mkononi mwake.

Nimemwambia Kaka hapana. Sijazoea kumwambia hapana. Akanikalisha kwenye benchi jipya, akazungumza taratibu, sauti ile ya Baba. Miaka miwili sasa. Kila asubuhi unatoka unakutana na mkono wa marehemu. Unajiumiza bure, mdogo wangu. Mama angependa ufue hapa hadi uzeeke? Machozi yalimlenga. Niliyaona kwa macho yangu.

Kisha akanipa nyundo. Kasema ni bora iwe mimi, nitapona haraka.

Nimepiga mimi. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili lilipasua. Baada ya hapo nilipiga tu, sikutazama wapi. Randa kaja na toroli akazoa vifusi. Hakuniangalia usoni.

Jumanne, 6 Februari

Changarawe imefunika pote. Pazuri. Nimefulia bafuni. Sabuni imedondoka mara nne.

Jumamosi, 24 Februari

Ukuta mweupe. Asumini langoni. Taa zimewaka zenyewe jioni, nikapiga makofi peke yangu.

Mchana Kaka na wifi walikuja kupiga picha. Za kumtumia shangazi, aone. Wifi alipiga kutoka kila kona, hadi alipanda juu ya kiti. Mimi nilikaa kwenye benchi, nimevaa gauni la kutokea. Wifi kasema nisogee kidogo. Nikasogea. Kasema kidogo tena. Mwishowe nikawa nimesimama jikoni.

Nilifikiri ni mambo ya mwanga.

Kaka kanisifu sana. Mikono ya dhahabu, kasema. Nimelala mchana kwa raha, nimeamka jino linauma.

Alhamisi, 7 Machi

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Jino lilinishinda. Bosi kaniruhusu, nimekwenda kliniki ya meno. Foleni ndefu. Mezani palikuwa na majarida, nami kama kawaida yangu nikapekua. Nikakuta lile. Toleo lile lile, jalada lile lile, mwanamke yule yule na gauni lake jeupe. Nikacheka, kama mtu aliyekutana na jirani safarini. Nikafungua ukurasa wa 31, nione tu wifi alifungia kitu gani.

Kichwa cha habari kimejaza ukurasa mzima. UZA NYUMBA YAKO UPESI: MAMBO SABA YA KUFANYA UANI.

Nimesoma nikiwa nimekaa. Nikasimama. Nikasoma nikiwa nimesimama. Ukurasa wa 32 ni maelezo. Kwamba mnunuzi hununua maisha anayoyaona, si kuta. Kwamba picha zipigwe bila watu. Na chini kabisa, kwenye kisanduku cha kijivu, ushauri wa mwisho: kazi hii mpe yule anayeipenda nyumba kuliko wote, ataifanya vizuri kuliko fundi yeyote.

Namjua huyo mtu. Nimemshonea mito minane.

Mama wa mapokezi kaniuliza kama jino limezidi. Nikamwonyesha jarida, nikamwomba nichane karatasi moja. Kasema chukua lote, dada, hayo yamekaa hapa tangu mwaka jana.

Tangu mwaka jana. Kwa hiyo Kaka alilinunua, akalisoma, akaweka alama nyekundu, akachana karatasi moja kwa uangalifu, ndipo akaniletea. Na matatu mengine juu yake, ili lisionekane. Karatasi moja! Mimi kazi yangu ni kufungua makochi. Nachana kitambaa kizuri kila siku ya Mungu nione ndani kuna nini, magunia, mavi ya panya, springi zilizokatika. Hili la kwangu sikulifungua.

Jino limeng'olewa. Nadhani. Nina pamba mdomoni.

Ijumaa, 8 Machi

Sijaenda kazini.

Hati ya nyumba ina jina la Kaka. Mama alipoanza kuugua alisema iwe hivyo kwa urahisi wa makaratasi, mimi nilikuwa na kazi ya kumgeuza kitandani, sikuwa na muda wa kupanga foleni ofisini. "Ninyi ni wawili tu, mtagawana nini?" alisema. Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Aliitikia.

Kinachoniuma si nyumba. Hapana, nadanganya, nyumba inaniuma pia, nitakwenda wapi? Lakini kinachonikaba ni yale machozi yake. Alinivisha kilemba cha ukoka miezi miwili nami nikainamisha kichwa kinienee vizuri. Angeniambia tu. Dada, nina shida, nauza. Ningelia, ningemtukana, ningemfungia mlango wiki nzima. Kisha tungeongea. Badala yake alinipa nyundo. Na nilimshukuru! Nimerudi nyuma kwenye kurasa hizi nitafute niliandika wapi asante. Sikuandika. Nilimwambia kwa mdomo, mara mbili.

Saa nane Kaka kapiga simu. Kesho saa nne anakuja na marafiki wa kazini, mke na mume, wanapenda sana bustani. Nitengeneze chai.

Nikasema karibuni. Sauti ilitoka tamu, hadi mimi mwenyewe nikashtuka.

Jioni nilikwenda kwa Randa. Nilimkuta anapiga msasa. Nikamwambia, ulijua. Kasema hakujua, alihisi tu, na alipohisi aliambiwa ana wivu. Niliona aibu. Nikamuuliza vifusi vya jiwe alivipeleka wapi. Vimejaza shimo la barabarani, karibu na kona. Magari yanapita juu.

Kisha akainama chini ya meza yake ya kazi, akatoa kitu ndani ya gunia. Kasema hiki mkono haukumwendea kukitupa. Kipande cha saruji, kikubwa kama mkate. Kidole gumba na nusu ya kiganja. Vingine havipo, pale nilipiga vizuri.

Nimekibeba nyumbani kifuani. Kizito.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne na robo. Naandika jikoni, juu ya meza, nimesimama. Wamekuja. Wako uani.

Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Nimewasha jiko ili Kaka adhani nimeshughulika.

Mke ni mtu mzuri, yaani hana ubaya wowote. Ameingia langoni akavuta harufu, akasema aah. Nilimhesabia hatua. Ya kumi akawa benchini. Amekaa, akabonyeza mto, akageuza kuangalia mshono, akasema aliyeshona anajua kazi. Kaka kajibu kwamba mito inabaki na nyumba. Mito yangu! Ameitaja kama anavyotaja bomba.

Mume anauliza juu ya maji, juu ya paa. Kaka anajibu kila kitu. Paa halijawahi kuvuja, anasema. Wifi anacheka kicheko cha wageni.

Nilikuwa nimepanga. Sinia, vikombe vinne, na katikati ule ukurasa wa 31, nimeukunja kama kitambaa cha mezani. Niuweke mbele ya Kaka kimya kimya nione uso wake. Jana nilidhani hiyo itanitosha. Nimeufanyia mazoezi hadi mwendo.

Sasa mke ameinuka. Anatembea kwenye changarawe, nasikia. Amesimama katikati, pale ilipodidimia kidogo. Nimeisawazisha mara tatu, kila mara inadidimia.

Anauliza, "Hapa palikuwa na nini?"

Nimeshika ukingo wa meza. Nimemwombea Kaka, kweli nimemwombea, aseme chochote. Aseme palikuwa na mti. Aseme palikuwa na kisima. Aseme tu mama yetu alikuwa akifulia hapo.

"Hapakuwa na kitu," kasema Kaka.

Nimeondoa vikombe kwenye sinia. Nimeondoa na ukurasa. Nimefungua gunia la Randa, nimekiweka kile kipande katikati, kidole gumba kikitazama juu. Kisha nikaona hakijakamilika. Nimechukua sabuni bafuni nikaiweka kiganjani. Imekaa. Nusu kiganja, lakini imekaa.

Ananiita. Mdogo wangu, njoo uwaeleze mwenyewe ulivyotengeneza.

Maji yanachemka, nimeyaacha yachemke. Ananiita tena, kwa jina la utotoni. Sinia hili ni zito, itabidi nilibebe kwa mikono miwili, kwa hiyo kalamu naiweka